Kuumizwa na Uliyemkimbilia

Watu waliokimbilia makanisani Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Rwanda, hawakuwa wajinga. Hili lisemwe kwanza, kwa sababu kila mwaka wakati wa maombolezo hapa Kigali hakosekani kijana anayeuliza kwa nini babu na bibi zake walikwenda kujifungia ndani ya jengo lenye milango miwili mitatu badala ya kutawanyika vichakani. Walikwenda kwa sababu kanisa lilikuwa limeshaokoa watu. Nyumba za Watutsi zilipochomwa mwaka 1959, na tena katika mauaji ya Desemba 1963 na fujo za 1973, aliyefika parokiani mara nyingi alipona. Bugesera, kilomita 30 hivi kusini mwa jiji, kumbukumbu ilikuwa mbichi zaidi. Machi 1992 wauaji walipopita kijiji kwa kijiji, waliojaa kanisani Nyamata walibaki hai. Aliyepigwa risasi ni Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyekuwa akiishi pale, baada ya kuvipigia simu vyombo vya habari vya nje kueleza anachokiona. Miaka miwili baadaye watu walirudi kwenye kanisa lilelile na watoto wao na vitambulisho vyao mfukoni. Safari hii mlango haukuwazuia wauaji.

Ukiingia Nyamata leo utakuta nguo zao zimerundikwa juu ya mabenchi, kitambaa cha altare kina madoa, na mabati ya paa yametobolewa matundu madogo yanayopitisha jua. Waliofia pale walipiga hesabu sahihi kwa taarifa walizokuwa nazo. Waliokuwa wakijua kwamba mambo yamebadilika ni wale waliokuwa wakiaminiwa.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa madhara ya kudhulumiwa na mwenye dhamana huharibika pale unapoanza kwa kumhoji aliyedhulumiwa. Kwa nini ulimwamini? Kwa nini ulirudi? Kwa nini ulinyamaza? Maswali hayo humwangukia binti aliyebakwa na mwalimu wake kama yalivyomwangukia mjane aliyewapeleka wanawe parokiani. Ningependa tuulize swali jingine: alikuwa na njia gani nyingine? Jambazi akikuvamia barabarani anakuacha na watu wa kuwakimbilia, yaani polisi, daktari, kiongozi wa dini, mzazi. Mmoja wa hao akikuumiza, amekuumiza na papo hapo amekufungia njia ya kutibiwa, kushtaki au kuombewa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye tofauti kubwa, na madhara mengine yote yanayodumu miaka 10, 20 au 30 yanatoka humo.

Rwanda ya kabla ya 1994 njia hizo zilikuwa mikononi mwa watu wachache sana. Kanisa Katoliki lilibatiza, liliendesha shule nyingi na zahanati nyingi, na barua ya padri iliweza kumfungulia mtoto mlango wa sekondari. Mwami Mutara Rudahigwa alibatizwa 1943 na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Baada ya uhuru uhusiano wa Kanisa na Ikulu haukulegea. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa kwa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala cha MRND, hadi Roma ilipomtaka ajitoe. Chini yake, huko vijijini, mambo yalikuwa hivyohivyo kwa kipimo kidogo: mwalimu alikuwa mtu wa chama, mkuu wa komini alikuwa mwalimu wa zamani, na daktari alisali benchi la mbele. Mwananchi alidhani ana milango minne ya kubisha. Nyuma ya milango hiyo chumba kilikuwa kimoja.

Jean-Paul Akayesu ni mfano wa mwenye milango hiyo. Alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, na kuanzia Aprili 1993 mkuu wa komini ya Taba, magharibi mwa Kigali. Kwa takriban siku kumi za mwanzo wa mauaji alijaribu kuyazuia, na watu waliona. Kwa hiyo wanawake waliofukuzwa majumbani walikwenda kulala kwenye uwanja wa ofisi yake. Baada ya mkutano wa viongozi wa tarehe 18 Aprili aligeuka. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani tarehe 2 Septemba 1998, na kwa mara ya kwanza katika historia ubakaji ukatamkwa mahakamani kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wanasheria duniani kote wanaijua hukumu hiyo. Kinachosahaulika ni mahali: wanawake walibakwa katika eneo la ofisi ya serikali walikokwenda kuomba ulinzi, kwa mtu aliyekuwa ameanza kuwalinda. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 1996 ilikadiria kuwa waliobakwa nchi nzima ni kati ya 250,000 na 500,000. Wengi walibakwa na wanamgambo wasiowajua. Sehemu yao walibakwa na majirani na wengine waliowajua vizuri, au mbele yao.

Mtu hufanyaje anapoumizwa na anayemtegemea? Mwanasaikolojia wa Marekani Jennifer Freyd alilifanyia kazi swali hilo katika miaka ya 1990, akianzia kwa watoto waliodhulumiwa na wazazi. Hoja yake ni nyepesi kuieleza, nzito kuimeza. Mtoto anayepigwa na mgeni hukimbia. Mtoto anayenajisiwa na baba anayemlisha hawezi kukimbia, kwa hiyo akili yake hufanya kitu kingine: hujizuia kuona. Anasahau, au anakumbuka vipande, au anaendelea kumpenda mtesaji wake kwa dhati kabisa kwa sababu pasipo hivyo hatakula. Watu wazima wanapokuja kumuuliza baadaye kwa nini alikuwa akimkimbilia baba kwa furaha kila anaporudi kazini, wanadhani wamembana kwenye uongo. Kumbe wanatazama jeraha lenyewe.

Hali hiyo si ya watoto peke yao. Waliokaa wiki kumi katika kanisa la Sainte-Famille, lile la matofali mekundu lililojengwa 1913 pale Muhima, walikuwa maelfu, na maji, chakula na uhai wao vilitegemea nani anazungumza na wanamgambo walioko nje. Aliyezungumza nao ni padri Wenceslas Munyeshyaka. Mashahidi walimweleza akiwa amevaa koti la kuzuia risasi, bastola kiunoni, wakamtuhumu kuwa alishirikiana na wauaji na kwamba baadhi ya wanawake walipata hifadhi kwa kulala naye. Yeye amekana siku zote. Hata tukiliacha swali la hatia kwa muda, litazame jambo hili kwa upande wa mwanamke aliyekuwa mle ndani. Anamwogopa padri, na wakati huohuo anaomba padri asiondoke. Anamshukuru kwa ndoo ya maji. Baadaye, akiwa na miaka 50, ile shukrani ndiyo inayomtafuna usiku kuliko hofu.

Mita chache kutoka hapo kuna kituo cha Saint Paul. Humo padri Célestin Hakizimana aliwahifadhi watu wapatao 2,000, akikabiliana na wanamgambo kila walipofika na orodha zao. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni makomando wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali, walipenya wakawatoa waliokuwa Saint Paul, na kesho yake wanamgambo wakalipiza kisasi Sainte-Famille, wakaua zaidi ya watu 100. Mapadri wawili wa jimbo moja, kanzu zilezile, karibu ua mmoja. Hakizimana aliteuliwa kuwa askofu wa Gikongoro mwaka 2014. Na Nyamirambo, mtaa wa Waswahili wa jiji hili, Damas Gisimba aliwaficha watu wapatao 400 katika kituo chake cha yatima, akafariki Juni 2023 akiwa anatajwa kwa heshima nchi nzima. Nawataja kwa sababu mtu huweza kudhani kwamba mazingira yaliwalazimisha wote. Hayakuwalazimisha wote. Jambo hilo kwa manusura lina faraja na lina sumu, kwa maana linathibitisha kuwa yule mwingine alichagua.

Sasa takwimu, kwa kifupi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa 2018 na Rwanda Biomedical Centre (RBC) ulikuta kiwewe cha kudumu kwa asilimia 3.6 ya wananchi kwa jumla, lakini kwa manusura wa mauaji ya kimbari asilimia 27.9. Sonona kali ilikuwa asilimia 12 hivi kwa wananchi na 35 kwa manusura. Hiyo ni miaka 24 baadaye. Mtafiti hawezi kutenganisha kirahisi ni kiasi gani cha maumivu hayo kinatokana na panga na kiasi gani kinatokana na aliyelishika, lakini wanaowahudumia watu wenye ihahamuka, yaani mishtuko na kelele zinazomshika mtu katikati ya mkutano wa kumbukumbu, wanajua kwamba kinachoamsha mara nyingi ni kitu kilichokuwa salama: kengele ya misa, wimbo wa kwaya, koti jeupe la daktari.

Koti jeupe lina historia yake. Gérard Ntakirutimana alikuwa daktari wa hospitali ya Waadventista ya Mugonero, na mahakama ya Arusha ilimhukumu miaka 25. Baba yake, mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, alikuwa mkuu wa kanisa eneo hilo. Wachungaji wenzake waliokuwa wamezingirwa pale walimwandikia barua wakimsihi awaombee kwa wakuu, wakimweleza kuwa wameambiwa watauawa kesho yake. Barua ilimfikia. Walishambuliwa tarehe 16 Aprili. Mzee huyo alikamatwa Texas, akahukumiwa miaka 10 mwaka 2003 na akafa Januari 2007, wiki chache tu baada ya kuachiwa. Desemba 2023 mahakama ya Paris ilimtia hatiani Sosthène Munyemana, daktari wa magonjwa ya wanawake kutoka Butare, ikampa miaka 24. Fikiria mwanamke wa Tumba, hukohuko Butare, aliyezalishwa na daktari huyo, ambaye leo anatakiwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Hatakwambia kuwa anamwogopa Munyemana. Atakwambia nauli imepanda, au ataenda wiki ijayo. Madhara ya aina hii hayaingii kwenye jedwali la kiwewe, yanaingia kwenye jedwali la saratani.

Aibu ndiyo sehemu ngumu zaidi, na sijui kama kuna anayeizungumza vya kutosha. Mtu aliyeumizwa na adui hujiambia: walinionea. Aliyeumizwa na aliyemwamini hujiambia: nilijipeleka. Mama aliyewashika watoto mkono akawapeleka parokiani hujiona kuwa ameshiriki. Msichana aliyekubali lifti ya mchungaji, au aliyekwenda nyumbani kwa mwalimu kuchukua madaftari, naye pia. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo hutumiwa kumcheka asiyeangalia nguo zake. Lakini mtoto wa darasa la tano hakujivika mwalimu. Amevalishwa, na ameambiwa amtii.

Aibu hiyo hufunga midomo majumbani, na ukimya nao una watoto. Utafiti mdogo wa 2014 ulilinganisha wanawake wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji na wenzao wa asili hiyohiyo ambao hawakuyapitia. Ulikuta tofauti katika namna mwili unavyoongoza homoni za msongo, kwa akina mama na pia kwa watoto waliokuwa tumboni. Wanawake walikuwa 50 tu, kwa hiyo sitaujengea ghorofa. Njia ya kawaida zaidi ya kurithi jeraha haihitaji maabara: mama asiyemwamini mtu humlea mtoto asiyemwamini mtu, na mtoto huyo akipata shida shuleni hatamwambia mwalimu, hatamwambia mama, na mama hatajua la kuuliza.

Na imani je? Hapa pana hadithi mbili zinazosimuliwa sana ambazo ningependa kuzipunguza kasi. Ya kwanza inasema Wanyarwanda waliliacha Kanisa baada ya 1994. Ya pili inasema waliingia Uislamu kwa wingi, kwa sababu Waislamu wa Nyamirambo na Biryogo waliwaficha majirani zao. Kuficha kulikuwepo, na kusilimu kulikuwepo, hasa miaka ya mwanzo. Lakini sensa ya 2012 iliwakuta Waislamu wakiwa asilimia 2 tu ya watu. Wakatoliki walikuwa asilimia 44 hivi, wameshuka kutoka zaidi ya 60 za mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waliopungua wengi walikwenda kwenye makanisa ya Kiprotestanti na ya kilokole. Maana yake ni kwamba manusura wengi hawakuacha kusali. Wapo waliobadilisha mhubiri, na wapo waliobaki palepale. Sainte-Famille inajaa kila Jumapili. Nimewahi kumsikia mama mmoja akisema kuwa anapokea komunyo kwa sababu ni ya Mungu, lakini kitubio hakwendi, maana kitubio lazima umwambie mtu. Wanateolojia wangembishia. Mimi naona ameeleza madhara ya usaliti kwa usahihi kuliko vitabu: ameutenganisha mwili wa Kristo na sikio la padri, na anaishi na kimoja.

Jeraha likishatokea, kuna mkono wa pili unaolishika, nao ni wa taasisi. Freyd na wenzake waliuita usaliti wa taasisi, na hapa Rwanda tunao wa kutosha. Wa kwanza ni wa wanajeshi, si wa Kanisa. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka kwenye shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, wakaacha zaidi ya watu 2,000 waliokuwa wamejificha kwenye ulinzi wao. Waliuawa siku ileile, wengi kwenye kilima cha Nyanza kilicho karibu.

Wa Kanisa ulikwenda polepole zaidi. Athanase Seromba, padri wa Nyange, ambaye kanisa lake lilibomolewa kwa tingatinga tarehe 16 Aprili likiwa limejaa watu, alionekana baadaye akihudumu parokiani Florence, Italia, kwa jina jingine. Alijisalimisha kwa mahakama ya Arusha 2002, akapewa miaka 15 mwaka 2006, na rufani ya 2008 ikamwongezea hadi kifungo cha maisha. Masista Gertrude na Maria Kisito wa monasteri ya Sovu waliishi kwenye nyumba ya watawa Ubelgiji hadi mahakama ya Brussels ilipowahukumu Juni 2001 kwa kuhusika na mauaji, mmoja miaka 15, mwingine 12. Munyeshyaka alipewa parokia Ufaransa. Mahakama ya kijeshi ya Kigali ilimhukumu maisha 2006 akiwa hayupo. Majaji wa Ufaransa walifuta kesi 2015 kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na uamuzi huo ukathibitishwa moja kwa moja 2019. Mwaka 2021 askofu wake alimsimamisha baada ya kukiri kuwa na mtoto, na 2023 Vatikani ikamvua upadri.

Soma mtiririko huo kama angeusoma shahidi wa Sainte-Famille. Katika lugha ya mahakama, kukosa ushahidi wa kutosha hakumaanishi kuwa shahidi amedanganya. Ni kanuni nzuri na sitaki iondolewe. Lakini shahidi aliyesubiri miaka 20 anasikia kuwa ameitwa mwongo, kisha anaona kilichomng'oa padri ni mtoto. Huo nao ni ugonjwa wa kudumu, na hauna dawa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera.

Kuomba radhi kulifika kwa vipande. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliandika kuwa Kanisa lenyewe haliwezi kubebeshwa makosa ya waumini wake waliokwenda kinyume na Injili. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda walitoa barua iliyosomwa misani wakiomba msamaha kwa niaba ya Wakristo waliotenda, huku wakisisitiza kwamba Kanisa halikumtuma mtu. Serikali ilisema waziwazi kuwa haitoshi. Machi 2017 Papa Fransisko, akiwa na Rais Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake. Imechukua miaka 21 kusogea kutoka "baadhi ya watu" hadi "Kanisa na watu wake". Anayedhani huu ni ubishi wa maneno hajawahi kuumizwa na ofisi. Aliyeumizwa na ofisi anahitaji ofisi ijibu, kwa sababu yule padri mmoja hakuwa na nguvu yoyote pasipo kanzu aliyopewa. Nafikiri jambo kubwa zaidi kuliko barua zote hizo lilikuwa uteuzi. Antoine Kambanda, aliyepoteza karibu familia yake yote 1994, ni Askofu Mkuu wa Kigali tangu mwishoni mwa 2018 na kardinali tangu 2020. Aliyefiwa ndiye mwenye kiti.

Kuhamisha mtuhumiwa badala ya kumwajibisha si uvumbuzi wa Rwanda wala wa mauaji ya kimbari. Jimbo kuu la Boston, Marekani, lilifanya hivyo kwa mapadri waliowanajisi watoto, na kardinali wake alijiuzulu Desemba 2002. Kenya, mwalimu aliyempa mwanafunzi mimba alizoea kupewa barua ya uhamisho, hadi Tume ya Huduma za Walimu ilipotoa waraka wake namba 3 wa 2010, na mwaka huohuo ikaripotiwa kuwa walimu zaidi ya 1,000 walikuwa wamefukuzwa kazi ndani ya miaka miwili. Kila uhamisho hupeleka ujumbe kwa aliyeumizwa: tumekusikia, na tumechagua. Nadhani ujumbe huo humvunja mtu kuliko kutosikilizwa.

Kigali ya leo ina watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya 1994, na dhuluma wanazokutana nazo ni za kila nchi: mwalimu, mjomba, kocha, mhubiri, mwajiri wa mtumishi wa ndani. Sheria ni kali. Kwa sheria ya 2018, kumnajisi mtoto ni miaka 20 hadi 25, na kama mtoto hajafikisha 14 ni maisha. Ukali huo una upande wake wa nyuma. Mtuhumiwa akiwa ndiye anayelipa ada na kodi ya nyumba, familia hupiga hesabu ya miaka 25 na kuamua kumalizana sebuleni kwa ng'ombe au kwa bahasha. Hata kwa watu wazima mambo hayajanyooka. Mwaka 2022 shindano la Miss Rwanda lilisimamishwa kufuatia tuhuma za wasichana dhidi ya mwandaaji wake. Desemba mwaka huo mahakama ya chini ilimwachia, Oktoba 2023 Mahakama Kuu ikampa miaka mitano. Katika kipindi hicho chote gumzo la mjini lilikuwa ni nini wasichana walitaka kwake. Swali la yeye alikuwa na nini mkononi, taji, safari, jina, liliulizwa mara chache.

Kilichofanyika vizuri ni kituo cha Isange, kilichoanza 2009 katika hospitali ya polisi Kacyiru na sasa kipo katika hospitali za wilaya. Daktari, mpelelezi, mshauri nasaha na mwanasheria wako chini ya paa moja, bure. Ubora wake hautokani na majengo. Mtoto anaingia pale pasipo kupita kwa mwalimu mkuu, kwa mchungaji wala kwa baba. Ni mlango wa tano, na funguo zake hazishikwi na wale wenye ile minne.

Tiba ya muda mrefu nayo imefundisha kitu kilekile. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012 zikiwa zimesikiliza kesi za mauaji ya kimbari karibu milioni mbili, zilitegemea waamuzi waaminifu wa kijiji, na maelfu yao walilazimika kuondolewa baada ya wao wenyewe kutajwa kuwa watuhumiwa. Tangu 2008 kesi za ubakaji zilisikilizwa humo faraghani, lakini faragha mbele ya jirani yako si faragha sana. Wajane walioanzisha AVEGA mwaka 1995 walichagua njia nyingine, wakakaa wao kwa wao. Na Byumba, kuanzia 2005, kulianza vikundi vya tiba ya kijamii, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Mvura Nkuvure. Watu 10 hadi 15 hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 15, manusura na wake wa wafungwa na waliofungwa pamoja. Hatua zao zina mpangilio: kwanza usalama, ndipo uaminifu, kisha kujaliana, heshima, mwelekeo mpya wa maisha, na mwisho kabisa kumbukumbu. Mpangilio huo unapingana na mazoea yetu. Sisi tukimpata aliyeumizwa tunataka asimulie leo, asamehe kesho. Wao wanamwachia wiki nyingi za kujaribu watu kwenye mambo madogo: nani anafika kwa wakati, nani anatunza siri, nani anarudisha jembe. Mwezeshaji ni mwanakijiji, hana kanzu wala cheo, na anaweza kukosolewa na kikundi.

Katika kuwadhibiti wenye dhamana, serikali imepita njia yake. Mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali, na 2024 maelfu zaidi nchi nzima, kwa sababu za usafi, kelele na usalama wa majengo, na sheria ikawataka wahubiri wawe na shahada ya elimu ya dini. Ukitazama Shakahola, Kenya, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, huwezi kusema hofu ya wahubiri holela ni ya bure. Lakini shahada haipimi tunachokitafuta. Seromba alisoma seminari. Gérard Ntakirutimana alisomea udaktari. Munyemana alikuwa daktari bingwa. Kwenye ukaguzi wa vyeti wote watatu wangepita. Ningependa wakaguzi waulize, kwenye kila kanisa na kila shule, mtu akiumizwa na mkubwa wa hapa anakwenda kwa nani ambaye hamtegemei mkubwa huyo, na kama jina na namba ya mtu huyo vimebandikwa mahali mtoto anapoweza kusoma. Muulize mzazi wa Kimironko au Gikondo mwanawe akisumbuliwa na mwalimu ataanzia wapi. Wengi watakujibu: kwa mkuu wa shule, ambaye ndiye mwenye jina la shule la kulinda.